Pikipiki Nyuma ya Jeneza la Askari

 Ninazungumza nawe kutoka Dubai, mtaa wa Jumeirah Village Circle, ambao sisi wakaazi wake tunauita JVC kwa kuwa jina zima ni refu kuliko vichochoro vyake. Leo ni tarehe 30 Novemba. Asubuhi saa 2 bendera za Imarati zilishushwa nusu mlingoti nchi nzima. Saa 5:30 watu wakasimama kimya dakika moja kwa dua, na saa 5:31 bendera zikapanda tena hadi juu, wimbo wa taifa ukapigwa. Hii ni Siku ya Mashahidi, iliyowekwa rasmi mwaka 2015. Tarehe yake inamkumbuka askari mmoja, Salem Suhail, aliyeuawa katika kisiwa cha Tunb Kubwa tarehe 30 Novemba 1971, siku mbili tu kabla ya dola hii yenyewe kuzaliwa.

Dakika hiyo ilinikuta kando ya Circle Mall, pale vijana wanaopeleka chakula kwa pikipiki wanapongojea oda. Wengi wao ni watu wa Pakistan na Bangladesh, lakini siku hizi ukitega sikio utasikia Kiswahili cha Busia, cha Kisumu, cha Kampala, cha Arusha. Walivua kofia ngumu wakaziweka juu ya matangi ya mafuta. Dakika haijaisha, simu ya mmoja ikalia: kuku na wali, jengo lile pale, ghorofa ya kumi na nne. Programu ya simu haijui dua. Kijana akaubana mlio kwa kidole gumba, akangoja sekunde zilizobaki, ndipo akavaa kofia akaondoka.

Waliobaki wakaanza ubishi, na ubishi huo ndio mazungumzo yangu ya leo. Aliyeuanzisha ni Mganda wa makamo, mlinzi wa mlango wa jengo la jirani, mtu aliyevaa sare za jeshi kwao kabla hajavaa hizi za kampuni ya ulinzi. Aliuliza hivi: askari akifa, bodaboda wanaingia kwenye msafara wake kwa haki gani? Jeshi lina gari lake, lina tarumbeta yake, lina bunduki zake za kumpigia heshima. Ninyi wenye pikipiki mnatafuta nini huko? Akamjibu kijana wa Busia, ambaye kwao alikuwa bodaboda miaka mingi kabla ya kuja kubeba sanduku la chakula huku: "Mzee wangu, sisi tunamfikisha tu."

Wewe ambaye hujawahi kuona jambo lenyewe, ngoja nikueleze. Askari wa Kenya amefia kazini, tuseme mpakani kule Somalia. Mwili umetoka mochari ya hospitali ya jeshi Nairobi, umesafirishwa usiku kucha, na alfajiri unakaribia kwao, magharibi ya nchi. Pale lami inapoishia pana steji ya bodaboda. Pikipiki zimeshapangwa mbilimbili, taa zimewashwa mchana kweupe, matawi mabichi yamefungwa kwenye usukani na kwenye kibebeo cha nyuma. Asubuhi hiyo abiria hachukuliwi. Mama mwenye kikapu cha nyanya atangoja au atakwenda kwa miguu. Gari la jeshi likipinda kuingia barabara ya vumbi, mwenyekiti wa steji anainua mkono, na kundi linagawanyika, nusu mbele, nusu nyuma. Mwendo ni wa polepole mno, ule ambao pikipiki haipendi, mguu mmoja ukiparuza chini ili usianguke. Wanafika hivyo hadi langoni. Langoni injini zinazimwa. Askari wa kikosi chake wanalibeba jeneza lililofunikwa bendera, kofia yake na mshipi wake vikiwa juu. Zitapigwa risasi za heshima, tarumbeta italia, bendera itakunjwa na kukabidhiwa mjane au mama mzazi. Muda wote huo bodaboda wako nyuma ya umati, kofia mkononi, na hakuna ratiba iliyowataja.

Hakuna sheria iliyowaita, hakuna posho, na mafuta ni ya mfukoni mwao. Sasa kwa nini? Kijana wa Busia alitoa sababu ambayo sikuwahi kuifikiria. Askari anapokuja likizo, alisema, basi linamshusha barabarani usiku, na mtu wa kwanza kumwona si mkewe, ni bodaboda. Ndiye anayelifunga sanduku lake la bati kwa mpira nyuma ya kiti. Ndiye anayejua kwamba safari hii amekonda, au ameleta redio mpya, au anachechemea na hataki kwao wajue. Likizo ikiisha, bodaboda yuleyule anamrudisha barabarani kabla ya jua kuchomoza, na ndiye wa mwisho kupungiwa mkono. Kile kipande cha kutoka lami hadi nyumbani kilikuwa cha bodaboda miaka yote. Jeshi linamjua marehemu kwa namba na cheo, na linamheshimu ipasavyo, lakini dereva wa gari la jeshi hajui nyumba ya kwao iko wapi. Lazima mtu atangulie.

Mimi niliona hoja hiyo ni nzito kuliko ilivyosikika. Tangu Kenya iondoe kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda wamekuwa kila mahali, na tumezoea kuwasema kwa ajali, kwa fujo na kwa kubeba watu watatu mara moja, ule mtindo Watanzania wanauita mshikaki. Ni nadra kukumbuka kwamba wao ndio mashahidi wa safari za watu wote wa kijiji.

Lakini Mganda hakuridhika, na nitamtendea haki: hoja yake nayo ilikuwa na uzito. Alisema heshima ya jeshi ina mpangilio wake, kila hatua imepimwa, na raia akijitia ndani anaivuruga. Akataja yale tuliyoyaona sote kwenye simu zetu. Machi 2021, Tanzania ilipokuwa ikimuaga Rais John Magufuli, umati uliofurika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, ulikanyagana, na watu 45 wakafa. Oktoba 2025, mwili wa mwanasiasa wa Kenya, Raila Odinga, ulipowasili Nairobi kutoka India, watu walimiminika barabarani kwa miguu na kwa pikipiki kwenda kumpokea, na siku haijaisha risasi zikalia katika uwanja wa Kasarani, watu wakauawa. Viongozi hao hawakuwa wanajeshi, ingawa wote wawili walizikwa kwa heshima za kijeshi, lakini hoja ni ileile: mapenzi yasiyo na wa kuyaongoza yanaweza kugeuza kilio kimoja kikawa vilio arobaini.

Hapo nikawaeleza habari ya Kansas, nami nitakueleza wewe pia, kwa sababu wenye pikipiki wa huko waliwahi kulijibu swali hili kwa vitendo.

Mwaka 2005 Marekani ilikuwa vitani Iraq na Afghanistan. Kanisa dogo la mji wa Topeka, jimbo la Kansas, liitwalo Westboro Baptist, ambalo waumini wake wengi walikuwa wa ukoo mmoja, ukoo wa mchungaji Fred Phelps, likaanza kwenda kwenye maziko ya wanajeshi na mabango ya matusi. Lilidai kwamba vifo vile ni adhabu ya Mungu kwa taifa linalowavumilia mashoga. Hebu fikiria mama anamzika mwanawe, na ng'ambo ya barabara watu wanaimba kushukuru kwamba amekufa. Waendesha pikipiki wa huko, wengi wao askari wa zamani wa chama cha American Legion, wakaona hili halivumiliki. Wakaja na pikipiki zao kubwa, wakasimama bega kwa bega na bendera ndefu mikononi, wakawa ukuta kati ya wafiwa na mabango. Migongo waliwageuzia waandamanaji. Hawakujibu tusi hata moja. Nyimbo zikizidi, waliwasha injini na kuvuta mafuta hadi nyimbo zikamezwa. Ndivyo kilivyozaliwa chama cha Patriot Guard Riders, ambacho baadaye kilienea Marekani nzima.

Serikali nayo ilijaribu. Mwaka 2006 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwaweka waandamanaji mbali na malango ya makaburi ya kitaifa, futi 300, ambazo ni kama mita 90, wakati wa maziko. Baba mmoja, Albert Snyder, ambaye mwanawe Matthew, askari wa majini, alifia Iraq mwaka huohuo, alilishtaki kanisa lile akashinda fidia ya mamilioni ya dola. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 2 Machi 2011 majaji 8 dhidi ya 1 wakaamua kwamba maneno yale, hata yakiwa machungu kiasi gani, yanalindwa na katiba kwa kuwa yanagusa mambo ya umma. Baba akaondoka mikono mitupu. Mimi sibishani na majaji wale. Nchi ikianza kuchagua maneno ya kulindwa, haitaishia kwa Westboro. Ninachosema ni kwamba sheria ilifika mwisho wa uwezo wake, na pale ilipoishia walikuwa wamesimama watu wenye pikipiki.

Sikiliza sasa kanuni yao, maana ndiyo iliyomfanya Mganda wetu anyamaze kidogo. Hawaendi mahali ambapo familia haijawaita. Marehemu awe ni nani, gazeti limwandike vipi, familia isipowaalika hawawashi injini. Na si lazima uwe umewahi kuwa askari, wala si lazima uwe na pikipiki. Ukija na gari dogo utapewa bendera usimame na wenzako. Sharti ni adabu tu.

Waingereza nao wana habari yao. Kati ya 2007 na 2011, ndege zilizoleta maiti za askari kutoka Iraq na Afghanistan zilitua kambi ya Lyneham, na magari ya kubebea majeneza yakapita katikati ya mji mdogo wa Wootton Bassett. Hakuna aliyepanga sherehe. Wazee wachache wa chama cha askari wastaafu walisimama kando ya njia mara ya kwanza, wenye maduka wakaanza kufunga milango jeneza likipita, mpaka mji mzima ukawa unatoka. Machi 2010 maelfu ya pikipiki zilipita hapo kuwashukuru watu wa mji ule na kuchangisha fedha za kuwasaidia askari. Mwaka 2011 Malkia akaupa mji cheo cha kifalme. Nimeipenda habari hiyo kwa sababu moja: pikipiki hazikuja kufundisha wenyeji namna ya kulia. Zilikuja baada yao.

Turudi kwetu. Kuna anayesema kwamba kelele za bodaboda zenyewe ni ushenzi, kwamba honi na maziko haviendi pamoja. Huyo hajafika Siaya. Kwa Wajaluo kuna tero buru, ile desturi ya kukifukuza kifo baada ya kufiwa na mwanamume wa heshima: zamani ilikuwa ng'ombe, mikuki na ngao, watu wakikimbia hadi mpakani mwa kijiji kana kwamba wanakwenda vitani. Siku hizi pikipiki zimeingia mahali pa ng'ombe. Kelele zake zina kazi yake, zina njia yake na zina mwisho wake. Kwa mzee aliyewahi kuwa mpiganaji, kunyamaza kungekuwa ndiyo dharau. Kwa hiyo mimi sitasema kelele ni mbaya, wala kwamba kimya ni kitakatifu. Kule Kansas ni kelele za injini zilizomsitiri mama mfiwa. Ninachokikataa ni yule kijana anayeinua tairi la mbele nyuma ya jeneza huku mwenzake akimpiga video. Huyo hajaja kumzika mtu.

Na wakati mwingine marehemu mwenyewe ndiye mwenye neno. Tarehe 18 Aprili 2024, helikopta ya jeshi la Kenya ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, akafa Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wanajeshi wengine 9. Wawili walinusurika. Alikuwa Mkuu wa Majeshi wa kwanza wa Kenya kufa akiwa kazini, na kwa cheo chake mtu angetegemea majuma ya maombolezo, msururu wa magari kutoka Nairobi hadi ziwani, na jeneza la thamani. Lakini aliacha wosia: azikwe ndani ya saa 72, na azikwe bila jeneza. Jeshi likatii. Jumapili tarehe 21 akawa ameshazikwa kwao Alego, Siaya, akiwekwa udongoni bila sanduku. Sisi Waislamu wa Pwani tulitazamana. Jenerali Mkristo kutoka ziwani alikuwa ameusia maziko yanayofanana na yetu. Na katika nchi ambapo matanga yamegeuka mashindano, wosia ule ulifanya kazi ambayo mahubiri ya miaka hayakuifanya, walau kwa wiki mbili tatu.

Nimetaja Pwani, na hapo nina neno langu mwenyewe. Sisi walinzi wa heshima wa hiari tunao tangu kabla ya injini. Mombasa, Lamu, Unguja, jeneza likitoka msikitini hubebwa mabegani, na halibebwi na watu maalumu. Linapokezanwa. Muuza kahawa anaweka birika chini, anaingia upande wa kulia, anabeba hatua kumi, anamwachia mwingine, anarudi kwenye makaa yake. Hamjui marehemu, pengine hata jina hakulisikia. Msafara wa pikipiki ni mabega hayo yaliyowekewa magurudumu, na ndiyo sababu haunishtui kama unavyowashtua watu wa bara waliozoea msururu wa magari yenye viyoyozi.

Mwaka 2017 mabega hayo yalifanya kazi ngumu. Tarehe 7 Desemba waasi wa ADF waliishambulia kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, wilaya ya Beni, Kongo mashariki, wakaua wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 kwa mpigo mmoja, na wengi wakajeruhiwa. Guterres, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alilitaja kuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wake katika historia ya karibuni. Taifa liliwaaga Dar es Salaam kwa majeneza yaliyopangwa safu na bendera juu yake. Baadhi yao walikuwa Wazanzibari, na wale walivuka bahari kwenda kwao, wakazikwa na watu wa mitaa yao. Heshima ya kwanza ilikuwa ya dola, ya pili ya mtaa, na hakuna aliyeona kwamba moja imeiibia nyingine.

Wenyeji wetu hapa nao ndivyo wanavyofanya. Tarehe 4 Septemba 2015 waliuawa askari 45 wa Imarati siku moja huko Marib, Yemen, na nchi ikaomboleza siku tatu. Tarehe 10 Februari 2024 wengine waliuawa Mogadishu, katika kambi ya General Gordon, walikokwenda kuwafunza askari wa Kisomali. Al-Shabaab ndio waliojitangaza kuhusika. Miili huteremshwa kwenye ndege kwa gwaride, bendera juu ya jeneza. Kisha gwaride linaishia hapo, na yanayofuata ni ya msikitini: sala, sanda, udongo, kaburi lisilo na nakshi. Abu Dhabi, mkabala na Msikiti wa Sheikh Zayed, kuna mnara wa kumbukumbu unaoitwa Wahat Al Karama, mabamba 31 ya alumini yaliyoegemeana. Nenda ukautazame jua likielekea kuzama.

Sasa nikueleze maziko niliyohudhuria mwenyewe hapahapa, kwa sababu ubishi ule wa Circle Mall haukutoka hewani. Alifariki mlinzi mmoja wa mtaani kwetu, Mwislamu, mstaafu wa jeshi la nchi mojawapo ya kwetu Afrika Mashariki, mtu aliyewahi kupelekwa Somalia na akarudi salama. Ugonjwa wa ghafla. Asiyekuwa Mwislamu hapa mara nyingi hurudishwa kwao: cheti cha kifo, polisi, ubalozi, kufutwa kwa viza, mwili kutiwa dawa kule Muhaisnah, kisha mizigo ya uwanja wa ndege. Huyu familia iliamua azikwe hapa, haraka, kama sunna. Kwa jeshi la kwao alikuwa mstaafu wa cheo cha chini aliyefia ugenini kwa kazi binafsi. Tarumbeta haikumhusu. Sitoi lawama, kila jeshi lina mpaka wa nani anapigiwa risasi na nani hapigiwi. Nakumbusha tu kwamba mpaka huo umewahi kuchorwa vibaya mno. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi baada ya ripoti yake yenyewe kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, walikufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia bila majina yao kuandikwa popote, na wengine bila kumbukumbu yoyote. Wapagazi wa kwetu wamo humo.

Vijana wa pikipiki walitaka kumsindikiza. Lakini hapa si Busia. Msafara usio na kibali ni kosa, honi ya bure ni faini, na pikipiki za kupeleka mizigo haziruhusiwi kwenye njia za kasi za kushoto. Kibali cha siku moja hakuna aliyejua pa kukianzia. Basi mjane akapigiwa simu kule kwao, akaulizwa anataka nini. Akasema anataka watu kaburini, mengine hana haja nayo. Ikaamuliwa kila mtu aende peke yake. Wakatoka JVC kwa vipindi, mmoja akipitia Hessa Street, mwingine akizungukia Al Barsha, wote wakaingia Al Khail Road upande wa kulia, kila mmoja na mwendo wake, na mtu aliyewaona njiani angedhani wanapeleka chakula cha mchana. Nilikuwa nimetangulia kwa teksi, nikawa nawaona wakiwasili makaburini Al Quoz. Waliegesha ndani ya mistari. Walivaa makoti yao wakayafunga vifungo hadi shingoni ili majina ya kampuni yasionekane, na walibadili viatu, maana viatu vya pikipiki ni vizito na mchanga wa pale ni laini. Walijipanga safu moja nyuma yetu wengine. Sala ya maiti haina rukuu wala sijida. Ni takbira nne, wima. Kwa askari wa zamani nilidhani hiyo inafaa.

Kisha kila mmoja akatupa konzi tatu za mchanga. Yule Mganda, ndiye yeye, akarudi nyuma hatua moja, akapiga saluti. Mzee mmoja wa kule makaburini akamtazama, nadhani akitaka kumkataza, akaacha. Vijana walikuwa wameshafungua programu zao kabla hatujafika langoni. Jua la pale halina subira, na kampuni pia.

Kilichonishangaza ni kilichotokea baadaye kwao marehemu. Sanduku la nguo zake lilipelekwa nyumbani na mtu wa kwao aliyekuwa akienda likizo, na bodaboda wa steji ya huko wakapata habari kwamba linafika. Mwili haupo, lakini sanduku lipo. Wakataka kulipokea kama vile wangempokea mwenyewe. Mwenyekiti wa steji, mtu mkali, akatuma kwanza kumuuliza mjane. Mjane akasema sawa, ila pikipiki mbili tu, na zisipige honi kwa kuwa mama mkwe ana shinikizo la damu. Asubuhi zikajitokeza arobaini, matawi yamefungwa tayari, mafuta yamejazwa. Mwenyekiti akasimama katikati ya barabara akazirudisha thelathini na nane. Akaitwa mchoyo, akaitwa mwoga, na nasikia wapo ambao hadi leo hawalipi ada ya steji kwa sababu ya siku ile.